Kupanga bei ya zabuni ya ujenzi: Excel yako, ChatGPT au programu ya kupima michoro?

Mkandarasi anayetafuta akili mnemba ya kumsaidia kwenye zabuni atenganishe kwanza kazi mbili. Moja ni kiasi: mita za ujazo za zege, kilo za nondo, mita za mraba za plasta. Nyingine ni bei ya kila kimoja hapo saiti, mwezi huo, kwa fundi na lori ulilonalo. Kwenye kiasi na kwenye kusoma nyaraka, akili mnemba ya leo inaokoa saa nyingi. Kwenye bei haijui tripu ya mchanga inauzwaje Kibaha wala saidia fundi wa Sumbawanga analipwaje kwa siku, na ukiiuliza itakutajia namba hata hivyo, kwa sauti ileile ya uhakika. Hukumu zote zilizo hapa chini zinatokana na tofauti hiyo.

Njia zinazolinganishwa

Njia ya kwanza ni ile ambayo ofisi nyingi tayari zinayo: mkadiriaji majenzi, Excel na faili la bei za miradi iliyopita. Imewekwa hapa kama kipimo, kwa kuwa chombo kipya kisichoishinda hakina sababu ya kulipiwa.

Ya pili ni programu za mazungumzo: ChatGPT, Claude, Gemini, au Copilot ya Microsoft inayofanya kazi ndani ya Excel. Unaipa BOQ (orodha ya kazi na viasi vyake inayojazwa bei) na masharti ya zabuni, kisha unaiagiza kwa maneno.

Ya tatu ni programu za kupima michoro, kama Togal.AI ya Marekani na Kreo ya Uingereza. Unapakia PDF za michoro, nazo hutambua vyumba, kuta na milango, kisha hutoa maeneo, urefu na idadi.

Kipengele kimoja, kazi tatu tofauti

Tuchukue slabu ya ghorofa yenye eneo la mita za mraba 120 na unene wa milimita 150, zege la 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto). Ujazo wake ni mita za ujazo 18. Hapo hakuna ubishi, na njia zote tatu zitafika. Ubishi unaanza unapovunja hizo mita 18 kuwa vifaa.

Vifaa vikavu vikichanganywa na maji hujibana, hivyo mita moja ya ujazo ya zege inahitaji takriban mita 1.54 za vifaa vikavu. Uwiano una jumla ya sehemu 5.5. Ukigawa 1.54 kwa 5.5 unapata mita za ujazo 0.28 za saruji. Ukizidisha kwa kilo 1,440, uzito wa mita ya ujazo ya saruji, unapata kilo 403, yaani mifuko 8.06 ya kilo 50. Mchanga ni mita 0.42, kokoto mita 0.84. Kwa slabu nzima ni mifuko 145, nayo inafika 152 ukiongeza asilimia 5 ya upotevu.

Programu ya mazungumzo ikipewa kazi hii kwa sentensi moja tu inaweza kukosea kwa namna mbili zinazogharimu. Ya kwanza ni kusahau ile 1.54: mita moja ya zege inapata mifuko 5.24, na slabu nzima inapata 94. Umekosa mifuko 51 kabla hujaanza kazi. Ya pili ni kubadili uwiano bila kukwambia, ikatumia 1:2:4 kwa sababu ndio unaotajwa zaidi mtandaoni. Hapo utapata mifuko 114 na jibu litaonekana la kawaida kabisa. Dawa yake ni moja: uwiano, 1.54 na asilimia za upotevu uziandike wewe kwenye maagizo, na uitake ikuandikie fomula za Excel badala ya majibu. Fomula unaweza kuibofya ukaona imezidisha nini. Jibu lililoandikwa tu ndani ya mazungumzo huwezi kulikagua, na kwenye jedwali refu programu hizi bado huweza kukosea hata kujumlisha.

Programu ya kupima michoro, kwa upande wake, itakupa zile mita 120 kwa sekunde chache na kwa usahihi mzuri kama PDF imetoka moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea. Lakini hatari yake iko kwenye skeli. Mchoro wa A1 wenye skeli ya 1:100 ukipunguzwa kuwa A3, skeli halisi inakuwa 1:200, ingawa pembeni bado pameandikwa 1:100. Urefu wote unatoka nusu na maeneo yote yanatoka robo: mita 120 zinakuwa 30. Kabla ya kupima chochote, pima kitu chenye vipimo vilivyoandikwa, kama umbali kati ya gridi mbili, na ufanye hivyo kwa kila ukurasa, maana faili moja huweza kubeba skeli tatu. Kama mchoro ni karatasi iliyoskaniwa, tarajia utambuzi wa kuta ushuke na ujiandae kuchora mipaka mwenyewe.

Kwenye nondo, programu hizo za kupima huachia njiani. Zimejengwa kutambua maumbo, ilhali nondo kwenye mchoro ni maandishi. Chukua alama hii: 25T12-01-200 B1. Maana yake ni nondo 25 za milimita 12, alama namba 01 kwenye orodha ya nondo, zipangwe kila milimita 200, tabaka la chini la kwanza. Programu ya mazungumzo huisoma vizuri mara nyingi, lakini kwenye picha yenye ukungu huweza kuichukua 25 kuwa kipenyo au 200 kuwa idadi. Kwa hiyo hesabu ya nondo iwe na njia ya pili ya kujihakiki. Kama slabu yetu ina tabaka moja la nondo za milimita 12 kila milimita 200, kwa urefu na kwa upana, kila mita ya mraba ina mita 10 za nondo, yaani kilo 8.88. Kwa mita 120 ni kilo 1,066, ambazo ni nondo 100 za mita 12 kabla ya maungio. Ukiongeza maungio na vipande vinavyobaki, ikatokea namba iliyo mbali sana na 110, kuna kitu kimesomwa vibaya.

Hapa mkadiriaji mwenye Excel yake anazishinda zote mbili, kwa sababu anajua pia mambo ambayo mchoro hausemi. Marini plaiwudi ya kufungia slabu hii ni mbao 41 za mita 1.22 kwa 2.44, bila upotevu. Bei ya kila mita ya mraba inategemea mbao hizo zitatumika mara ngapi. Akili mnemba hupenda kuchukulia zitatumika mara nne au zaidi, kama jengo refu. Jengo lako likiwa na slabu moja na huna saiti nyingine ya kuzihamishia, gharama yote inaangukia hapahapa. Na mirunda? Mara nyingi haitajwi kabisa, kwa sababu maandishi mengi iliyosoma yanazungumzia nguzo za chuma za kukodi.

Kazi ya vibarua nayo ni vivyo hivyo. Ukiiuliza slabu ya mita 18 inamwagwa kwa muda gani, inaweza kujibu kama vile zege linakuja na malori matatu na pampu. Wewe una mikisa ya mfuko mmoja. Mfuko mmoja wa uwiano huu unatoa kama mita 0.124 za zege, hivyo unahitaji michanganyo 145. Kwa dakika 4 kila mchanganyo, ni saa 9 na dakika 40 bila kupumzika. Maana yake ni mikisa mbili au taa za usiku, vibreta ya akiba, na chakula cha watu wengi zaidi. Gharama hizo hazimo kwenye jibu lolote usipozitaja mwenyewe.

Bei: mahali pa kuwa mkali

Usichukue bei ya kifaa kutoka programu ya mazungumzo. Hata ikitafuta mtandaoni, itakuletea bei moja ya "Tanzania", wakati saruji inatoka Wazo Hill, Tanga, Mtwara au Mbeya na inamfikia mtu wa Kigoma ikiwa imebeba usafiri ambao mtu wa Tegeta haulipi. Bei ipatikane kwa nukuu tatu za wauzaji walio karibu na saiti, zenye tarehe. Kazi unayoweza kuipa akili mnemba hapo ni kupanga nukuu hizo kwenye jedwali na kukuonyesha iliyoachana na wenzake.

Vipimo vya sokoni pia vinaitega. BOQ inasema mita za ujazo, muuzaji anasema tripu, na kokoto za machimbo mengine zinauzwa kwa tani. Pima bodi la lori lenyewe, uandike ujazo wake kwenye maagizo. Kifusi cha kuchimbwa nacho kinavimba kwa asilimia 20 hadi 30 kikishatoka shimoni: BOQ inakulipa ujazo wa shimo, lakini wewe unalipa tripu za udongo uliovimba.

Kodi ndiyo inayopotosha bei kimyakimya. Tuseme mfuko wa saruji dukani ni shilingi 17,000 pamoja na VAT. Kama kampuni yako imesajiliwa VAT na unapewa risiti ya EFD, gharama yako halisi ni 17,000 ukigawa kwa 1.18, yaani shilingi 14,407. Kwa mifuko 8.46 kila mita ya ujazo (ile 8.06 pamoja na upotevu), tofauti ni karibu shilingi 21,900 kwa mita, na kwa slabu yetu karibu 395,000. Ukiiachia programu iamue, huweza kuchukua bei yenye VAT, kisha ikaongeza asilimia 18 nyingine kwenye majumuisho, ukawa ghali kuliko wenzako bila faida yoyote kuingia mfukoni. Kosa la upande wa pili ni kutoa VAT kwenye mchanga ulionunuliwa bila risiti. Hapo hakuna cha kudai TRA, na gharama yote ni yako. Weka safu ya "risiti ya EFD: ndiyo/hapana" kwenye orodha ya vifaa, na fomula isome safu hiyo.

Kisha kuna gharama za awali: ulinzi, stoo, maji, bango la mradi, bima, gharama ya benki kwa dhamana, NSSF, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi). Orodha hii akili mnemba inaitoa vizuri sana ikiombwa, na huo ni msaada wa kweli, maana usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho ndipo mtu husahau bima. Viwango vyake jaza mwenyewe.

Panapostahili sifa

Kusoma nyaraka. Hapa programu ya mazungumzo haina mpinzani kati ya hizi tatu, na kwa mkandarasi mdogo ndiyo sababu pekee inayotosha kuilipia. Ipe masharti ya zabuni na uitake itoe: tarehe na saa ya mwisho, aina ya dhamana ya zabuni, vigezo vya uzoefu, vifaa vinavyotakiwa, masharti ya malipo ya awali, kama mkataba una marekebisho ya bei, na kiwango cha fidia ya ucheleweshaji. Idai namba ya kifungu kwa kila jibu, kisha fungua kifungu hicho ukisome. Jibu lisilo na kifungu lihesabu kuwa halipo.

Inafaa pia pale taasisi nunuzi inapotoa marekebisho ya BOQ siku chache kabla ya kufunga. Kulinganisha BOQ ya zamani na mpya mstari kwa mstari ni kazi ya nusu siku kwa macho, na jicho lililochoka huruka kiasi kilichobadilika kutoka 450 kwenda 540. Ukiwa na faili zote mbili za Excel, hii inamalizika kwa dakika chache.

Tahadhari moja kubwa kwenye BOQ yenyewe: vipengele vyake vinategemea vichwa vya juu. Kipengele kinaweza kuandikwa "Ditto, 200 mm" na hakuna zaidi. Maana yake yote iko mistari sita juu, na wakati mwingine iko kwenye maelezo ya utangulizi wa sehemu. Ukiikata BOQ vipandevipande ili itoshe, uzi huo unakatika, na ukuta wa tofali unapata bei ya zege. Kabla ya kuomba chochote kingine, itake iandike upya kila kipengele kwa maelezo kamili, bila "ditto". Pitia hapo. Na iambie wazi kwamba viasi vya fedha vilivyotengwa na mteja ndani ya BOQ havibadilishwi. Ikiachwa huru huweza kuviongezea faida pamoja na vingine.

| | Excel na mkadiriaji | Programu ya mazungumzo | Programu ya kupima michoro |
|---|---|---|---|
| Kusoma masharti na marekebisho | Polepole, hutegemea uzoefu | Bora kuliko zote, kwa kudai vifungu | Si kazi yake |
| Kupima kutoka michoro | Sahihi, huchukua siku | Isiaminiwe kwa picha | Haraka sana, hakiki skeli |
| Nondo | Sahihi | Inasaidia, ihakikiwe | Dhaifu |
| Bei za vifaa na kazi | Bora, kama kumbukumbu zipo | Usiitumie | Haina bei za kwetu |
| Gharama | Mshahara au ada | Ndogo kwa mwezi | Ada ya dola kwa kila mtumiaji |

Ipi kwa nani

Zabuni nyingi za serikali zinazopita NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, huja na BOQ iliyokwisha kupimwa. Kwa mkandarasi aliyesajiliwa na CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) daraja la tano hadi la saba anayeishi kwa zabuni hizo, kulipia programu ya kupima michoro ni kulipia kazi ambayo mteja ameshaifanya. Excel iliyopangwa vizuri pamoja na programu moja ya mazungumzo inatosha. Fedha inayobaki ielekezwe kwenye kupata nukuu za kweli.

Hesabu inabadilika pale unapopewa michoro tu: wateja binafsi, kazi za kusanifu na kujenga, au mkataba wa bei moja isiyopimwa upya. Kwenye mkataba unaopimwa upya, kosa la kiasi kwenye BOQ hurekebishwa kadiri kazi inavyopimwa saiti. Kwenye bei moja, kosa ni lako hadi makabidhiano. Mkandarasi mwenye kazi nne au tano za aina hiyo kwa mwaka atairudisha ada ya programu ya kupima, kwa sababu siku tatu za kupima zinakuwa nusu siku ya kupima na nusu ya kuhakiki. Makandarasi wa Kenya waliosajiliwa na NCA, mamlaka ya ujenzi ya huko, wanaofanya majengo ya watu binafsi Nairobi na Mombasa wako zaidi upande huu. Kabla ya kulipa, hakikisha inakubali mita badala ya futi kama mpangilio wa kudumu, na kwamba unaweza kutoa vipimo kwenye Excel bila vizuizi. Kumbuka pia kwamba makundi yake ya kazi yamefuata desturi za Marekani na Uingereza. Kuyapanga upya yafuate BOQ za Afrika Mashariki kutakuchukua muda kwenye mradi wa kwanza.

Kuna wanaouza wazo la mfumo unaojifunza bei zako za zamani na kukutabiria bei ya ushindi. Kwa kampuni yenye miradi isiyozidi thelathini kwenye kumbukumbu, wastani wa bei kwa kila aina ya kazi, uliorekebishwa kwa mabadiliko ya bei yanayotolewa na Baraza la Taifa la Ujenzi, unafanya kazi nzuri zaidi na unaeleweka. Tatizo lingine ni kwamba faili nyingi zina bei zilizoombwa kwenye zabuni, hazina gharama iliyotumika kweli. Mfumo ukijifunza kutoka bei ulizoshinda nazo kwa hasara, utakufundisha kushinda kwa hasara tena. Anza kwa kuandika gharama halisi ya vipengele ishirini vikubwa kila mradi unapoisha.

Kuhusu usiri, viwango vyako vya bei ni mali ya kampuni. Matoleo ya bure ya programu nyingi za mazungumzo yanaweza kutumia unayoandika kuzifunza, isipokuwa umezima kipengele hicho kwenye mipangilio. Kizime kwanza. Au ipe BOQ bila bei, uchukue fomula, kisha ujaze bei kwenye kompyuta yako.

Kabla ya kutuma

Panga vipengele kwa thamani kutoka kikubwa hadi kidogo. Kwa kawaida moja ya tano ya vipengele hubeba sehemu kubwa ya fedha yote, na hivyo vihakikiwe na binadamu kimoja kimoja hadi kwenye vifaa. Kwenye nyaraka nyingi za zabuni, bei ya kipimo kimoja na jumla yake zikitofautiana, bei ya kipimo ndiyo inayoshika. Ukiandika 358,000 mahali pa 385,000 kwa mita ya zege, jumla itapunguzwa ifuate hiyo, na ukikataa marekebisho dhamana yako ya zabuni iko hatarini. Bei ikiwa chini kupita kawaida, taasisi nunuzi inaweza kukutaka ueleze mchanganuo wake kwa maandishi. Hapo hutajibu kwamba programu ilisema hivyo, kwa hiyo mchanganuo wa vile vipengele vikubwa uwe tayari siku unayotuma.

Kabla ya kuihamishia ofisi njia mpya, ijaribu kwenye mradi mmoja uliokwisha na ambao gharama zake zote unazo. Ipe BOQ ya wakati ule na nukuu za wakati ule, isione matokeo, kisha linganisha vipengele ishirini vya juu na kilichotumika kweli. Angalia hasa vilivyotoka chini ya gharama halisi. Kila kimoja kitafutie sababu: upotevu uliosahaulika, mbao zilizohesabiwa kutumika mara nne, tripu iliyochukuliwa kuwa mita saba wakati bodi linabeba tano. Sababu hizo ziandike kwenye maagizo utakayotumia zabuni ijayo.